Wanataka niongeze ugomvi kwenye filamu yangu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Mimi ni binti wa Tanga. Kwa muda nimekuwa mhariri wa tamthilia za televisheni, na sasa nina mswada wa filamu yangu ya kwanza ndefu. Ni habari ya familia ya mvuvi wa Chongoleani, pale linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Bomba lenyewe silisemi sana. Nimeandika juu ya baba anayeishi kwa bahari na bintiye aliyepata ajira kwenye mradi, na jinsi nyumba inavyoanza kumtegemea mtoto bila mtu kulitamka.

Kuna sehemu ambayo kwangu ndiyo filamu yenyewe. Binti amepata mshahara wa kwanza. Anaona haya kumkabidhi baba pesa mkononi, anaziweka chini ya kawa, kando ya sahani ya wali. Baba anarudi pwani mikono mitupu, anafunua ale, anaziona. Anafunika tena, anasema ameshiba. Basi. Hakuna muziki, hakuna anayelia.

Mtayarishaji mmoja wa Dar es Salaam yuko tayari kutoa fedha, ila binti awe hawara wa bosi, baba aende kwa mganga, na nimchukue mwigizaji mwenye jina. Anadai bila ugomvi watu watasinzia. Mpiga picha wangu, ambaye ni kama kaka, ananishauri nipige anavyotaka mtayarishaji kisha nizikate sehemu hizo wakati wa kuhariri. Hilo siliwezi, fedha ya mtu hailiwi kwa hila.

Na mimi siamini kuwa watazamaji wetu hawana subira. Ni watu hawa hawa wanaokaa barazani wakajua mwenzao ana jambo kwa namna tu alivyoitikia salamu.

Njia nyingine ni kutumia akiba yangu na michango ya ndugu, na wenyeji wenyewe ndio waigize. Nimemjaribu mzee mmoja mvuvi: ukimwambia aigize anakakamaa, ukimpa nyavu ashone unasahau kwamba yuko mbele ya kamera. Lakini ukiondoa muziki kila kitu kinasikika, injini ya boti, upepo kwenye maikrofoni, hata nyayo za mtu wa taa. Fundi wa sauti ninayemtaka ametaja bei inayozidi kodi ya kamera, na bado kuna kibali cha Bodi ya Filamu na chakula cha watu.

Naomba ushauri, hasa wa waliokwisha kupita huku. Nikatae, nipige kwanza hiyo sehemu ya kawa kama filamu fupi na kuitumia kutafuta mshirika kwenye tamasha la Zanzibar? Au nikubali mwigizaji maarufu peke yake, nigome kwa mganga na hawara? Na je, mwongozaji wa mara ya kwanza anaweza kudai kwenye mkataba kwamba neno la mwisho la uhariri ni lake, na akasikilizwa? Mtayarishaji anataka jibu mwisho wa mwezi, nami nilitaka tupige kabla kusi haijachafua bahari.

Mwongozaji mchanga,
Tanga