Safari ya Empakaai: someni mpaka mwisho

Wakuu, habari za jioni. Njia ndiyo ile tuliyokubaliana: tunatembea kwa miguu kuanzia Nainokanoka, kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, tunalala Bulati, kisha kreta ya Empakaai, kisha Naiyobi, na siku ya mwisho tunateremka Bonde la Ufa hadi Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Ol Doinyo Lengai hatupandi. Najua kuna wawili watanuna, ila mlima ule hupandwa usiku, na magoti yetu yatakuwa yameshachoka.

Suala kubwa ni baridi. Ukingo wa Empakaai unafika mita 3,000 na ushee. Safari iliyopita kuna mtu (anajijua) alikuja na shuka la Kimasai peke yake, akalala ndani ya koti langu la mvua. Safari hii sigawi! Leteni begi la kulalia la maana, soksi nzito na kofia. Halafu kule Natron ni joto la tanuri, kwa hiyo na nguo nyepesi pia.

Mahema na chakula vitabebwa na punda. Mgongoni kwako: maji lita tatu, tochi, dawa zako. Viatu vipya vaeni kuanzia leo, msije kuvivunja ungo porini.

Tutaongozana na askari mwenye bunduki, maana msitu wa kreta una nyati. Asitangulie mtu kupiga picha.

Simu msizitegemee, ageni nyumbani kabisa. Michango kwa mweka hazina kabla ya Jumapili. Asiyelipa, punda wake hapakiwi.