Asante, kaka wa pikipiki

Kuna kaka mmoja nataka ashukuriwe mbele za watu, ingawa sikupata jina lake. Nilikuwa siku ya sita safarini kwa baiskeli, nikivuta tela lenye kilo 30 za mizigo, mkono unaolishikiza kwenye ekseli ya nyuma ulipopasuka mteremkoni. Nilinusurika chupuchupu.

Alisimama bila kupungiwa mkono. Tulivuta kila kitu nje ya barabara, akaupapasa ufa kwa kidole, akalaza kipande cha chuma juu yake na kukikaza kwa waya na koleo. Kisha akafunga mkanda kutoka kwenye tela hadi kwenye fremu, ili mkono ukikatika tena tela lisiachie. Nikadhani amemaliza. Kumbe bado! Akafungua mizigo: vitu vizito nilivyovirundika nyuma akavihamishia chini, mbele kidogo ya ekseli ya tela, maana uzito ukikaa nyuma hulifanya liyumbe. Akanifuata polepole hadi kwa mchomeleaji, taa zake zikiwaka nyuma yangu. Malipo alikataa katakata.

Kaka, tela limetulia tangu siku ile. Nanyi madereva, mkimwona mwendesha baiskeli amekwama kando, punguzeni mwendo mumuulize kama yuko salama.