Mbegu ndani ya nanasi sio dawa, ni miche iliyochanganywa

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limeniuma. Mwezi uliopita mama mmoja ninayempelekea mananasi Dar alinipigia simu kwa hasira, wateja wake wamekuta vimbegu ndani ya nanasi na wameshaanza kusema mananasi ya Kiwangwa siku hizi yanapigwa madawa, ni ya maabara, wengine wakamrudishia kabisa na hasara ikawa yangu.

Nikapasua moja mwenyewe. Kweli, chini kidogo ya kila jicho kuna vijumba na ndani yake vimbegu vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele, vigumu, ukiuma vinakwaruza meno.

Jamani, hiyo sio dawa. Kila jicho la nanasi lilikuwa ua. Ukiwahi shambani asubuhi wakati yanachanua utaona vimaua vya zambarau vinaanzia chini vinapanda juu, kila kimoja kinafunguka alfajiri na jioni kimeshanyauka, nanasi moja linaweza kuwa na maua mia na zaidi. Na halihitaji kuchavushwa ndo lizae, linajaa lenyewe bila mbegu. Tena chavua ya kwake lenyewe linaikataa, inaota kidogo halafu inakwama njiani kabla ya kufika kwenye mfuko wa mbegu. Na kwa vile tunapanda maotea, yaani machipukizi ya mmea, na vishungi vya majani vya juu ya tunda, shamba zima la aina moja ni kama mmea mmoja uliogawanywa, nyuki wazunguke watakavyo mbegu hakuna. Ila weka aina nyingine pembeni, zichanue pamoja, nyuki au ndege chozi akitoka huku akaingia kule basi mbegu zinatunga.

Wenzetu wanalijua hili siku nyingi. Nanasi asili yake Amerika Kusini, ni ukoo wa bromelia, na kule wanaolichavusha ni vile vindege vidogo vya kunyonya nekta vinavyoelea hewani mbele ya ua. Hawaii walipiga marufuku kuviingiza vindege hivyo kisa mananasi yasije kuwa na mbegu!

Sasa kilichonipata mimi ni hiki: miche niliyouziwa kama Smooth Cayenne ilikuwa na ya aina nyingine ndani yake. Smooth Cayenne miba yake iko kwenye ncha tu, hii mingine ina miba ukingo mzima wa jani, niliiona ila nikadhani ni ukame, nikasubiri mwaka na nusu mpaka mavuno ndo nikajua. Aliyeniuzia simtaji, pengine na yeye aliuziwa hivyo hivyo.

Ninachoomba, wauza miche wasichanganye maotea ya mashamba tofauti kwenye rundo moja na wamwambie mtu ni aina gani, na mabwana shamba wanapopita waseme kuhusu kutenganisha aina, maana wanatufundisha mbolea na nafasi za mistari lakini hili sijawahi kulisikia kwao. Na wateja, nanasi lenye mbegu liko salama, toa mbegu ule.

Yale ya miba nimeshayang'oa mstari kwa mstari, ila jirani yangu wa upande wa barabarani kapanda miche ya muuzaji yule yule na bado hajaamua.

Mkulima wa mananasi,
Kiwangwa