Msiihukumu Black Sabbath kwa spika ya simu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, mie si mtu wa kuandika andika lakini ile makala yenu ya burudani iliyosema heavy metal, ule muziki mzito wa magita ya umeme, ni kelele tupu za watu waliopandwa na mashetani, na mfano mkautoa Black Sabbath, bendi ya Waingereza wanne, imenikaa kooni tangu niisome. Suala la muziki kufaa ama kutofaa kidini nawaachia masheikh, wao wanajua zaidi na wala silo lililoandikwa pale. Ninalolisema mie ni la masikio tu, na masikio ndo yanayonilisha maana natengeneza redio na spika hapa Chake Chake na baba yangu alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo.

Mwandishi wenu kaandika mwenyewe kwamba nyimbo hizo kazisikiliza kwenye simu. Basi hapo hapo ndo mambo yalipoharibika.

Spika ya simu ni kidude kidogo mno, chini ya hertz 300 hivi (hertz ni mitetemo ya sauti kwa sekunde, ikiwa michache sauti ni nzito) haitoi kitu cha maana, inachotoa ni trebo na mikwaruzo. Sasa chukua albamu yao ya tatu, Master of Reality ya 1971, wimbo kama Into the Void. Waya mnene wa gita la Tony Iommi pale umelegezwa mpaka hertz 69 hivi, na besi ya Geezer Butler imeshuka naye mpaka karibu hertz 35. Hertz 35 hata hizi sabufa za mtaani nyingi haziifikii zinatetema tu boksi, sembuse simu. Kwa hio aliyesikiliza kwenye simu kasikia matoazi, kasikia mtu anaimba puani, na kasikia mkwaruzo wa juu wa gita. Nyama yote imebaki ndani ya faili. Na mie kwa alichokisikia yeye ningesema kelele vile vile.

Na hilo la kulegeza nyaya lina hadithi yake, na kwa mtu wa ufundi hadithi hii ni tamu kuliko zote za hao jamaa. Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 anafanya kazi kiwanda cha mabati Birmingham, Uingereza, siku yenyewe ilikuwa ya mwisho kazini maana alishapata bendi ya kwenda kupiga nayo nje, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Utasema si wa kulia tu, lakini yeye anapiga gita kwa kushoto, yaani huo wa kulia ndo wa kubania nyaya. Madaktari wakamwambia sahau gita. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi, yule aliyeungua moto mkono na akawa anapiga solo zake kwa vidole viwili, akamwambia hebu msikilize huyu. Jamaa akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo akajitengenezea vikofia vya vidole, juu akabandika ngozi ili visiteleze, na nyaya za gita zikiwa nzito kwake akafunga nyembamba za banjo. Baadae ndo akaanza kuzilegeza nyaya ili zisimpe tabu, na zikilegea sauti inateremka, inakuwa pana, inajaa chumba. Leo mabendi ya metal dunia nzima yanalegeza nyaya na mengi hayajui kwamba wanaiga vidole vilivyokatwa.

Turudi nyuma kwenye albamu ya kwanza, inaitwa Black Sabbath kama bendi yenyewe. Waliirikodi siku moja, Oktoba 1969, London, wanapiga wote pamoja kama wanavyopiga klabuni halafu wakaondoka kuendelea na shoo zao. Ikatoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Wimbo wa mwanzo unaanza na mvua, radi na kengele kwa mbali, kisha gita linaingia na noti tatu. Tatu tu. Ukiwa na kinanda bonyeza G, halafu G ya juu yake, halafu C sharp, pole pole, utaona ile ya tatu haitulii, inaning'inia. Wazungu umbali huo wa noti waliukwepa sana kwenye muziki wao wa zamani na ndo maana uliwatisha. Lakini sie huku jamani! Mtu aliyekulia kwenye udi na ganuni, anayeijua bayati, ile maqamu ya Kiarabu, na noti zake zilizokaa katikati ya noti, atishwe na C sharp? Sikio la mtu wa taarab limeshapita huko zamani, mie nilimpigia wimbo huo mzee mmoja jirani yangu, mpenzi mkubwa wa Culture Musical Club, akatikisa kichwa akasema huyu kijana wa gita anajua kungoja.

Kungoja, ndo hivo. Nani kasema huu muziki ni wa mbio? Wimbo ule mwanzoni unakwenda taratibu kiasi kwamba baina ya noti na noti unaweza kupiga chafya na ukaomba radhi. Dramu za Bill Ward hazipondi, yeye kakulia kwenye jazi na inasikika, anacheza pembeni ya mdundo, anaacha nafasi, anarudi. Baada ya hapo kila kizazi cha metal kikaongeza spidi na kikajaza matundu yote mpaka hakuna pa kupumulia, na nadhani mwandishi wenu kawasikia hao wa sasa wanaokoroma kama wamekabwa, akarudi kuwabebesha mzigo wazee wanne wa Aston, mtaa wa Birmingham. Haki iko wapi?

Na ushetani wenyewe basi tuuangalie. Maneno mengi ya nyimbo zile kaandika Butler, mtoto wa familia ya Kikatoliki. Wimbo wa kwanza ule mtu anaona kivuli cheusi kimesimama kinamnyooshea kidole na anapiga kelele kumuomba Mungu amsaidie. Huyo anaogopa shetani, hamuabudu. War Pigs kwenye albamu ya pili ni ya kuwasema majenerali wanaopeleka watoto wa masikini vitani na wao wamekaa, na mwisho wake siku ya hukumu wamepiga magoti wanaomba msamaha. Hotuba ya Ijumaa haiko mbali na hapo! Hand of Doom ni kuhusu unga, askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam na sindano mkononi, na sisi visiwani unga tunaujua ulivyotumaliza vijana sihitaji kusema zaidi. Ila sitaki kudanganya watu, Sweet Leaf ni ya kuisifu bangi na inaanza na kikohozi cha Iommi mwenyewe akivuta, hio siitetei, ninachosema ni kwamba ukitaka kuwalaumu walaumu kwa hio na si kwa ushetani waliokuwa wakiukimbia. Misalaba waliyovaa shingoni aliwatengenezea baba yake Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, kazini kwake, kwa ajili ya kinga.

Hio albamu ya pili, Paranoid, imetoka Septemba mwaka ule ule 1970. Ilikuwa iitwe War Pigs wakaibadilisha, picha ya mbele ikabaki ile ile, mtu na upanga na ngao haihusiani na jina kabisa mpaka leo unacheka. Na wimbo wenyewe wa Paranoid waliutunga haraka haraka mwishoni kwa sababu albamu ilikuwa fupi inahitaji dakika mbili tatu za kujazia, ndo huo ukapanda mpaka namba 4 Uingereza na albamu ikashika namba 1. Lakini mie ninaoupenda ni Planet Caravan ambao hakuna mtu anautaja. Hauna kelele hata kidogo, ngoma za mkono, besi, gita linanong'ona, na sauti ya Ozzy inakuja kama inatoka chini ya maji. Miaka nilikuwa najiuliza wameifanyaje ile, maana enzi hizo hakuna kompyuta. Kumbe wameipitisha sauti yake kwenye spika ya Leslie, ile ya kinanda cha organ, ndani yake mna pembe ya spika inazunguka kwa mota na sauti inakukaribia na kukukimbia. Mota na spika, basi! Nilipojua nilitamani niunde yangu, mota ya feni ninayo, ila mke wangu kasema labda nihamie dukani kabisa.

Kaseti zetu sie zililetwa na mjomba wangu aliyekuwa baharia, Mungu amrehemu. Umeme wa kuaminika Pemba hatukuwa nao, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umekuja 2010, kabla ya hapo majenereta yakikubali unasikiliza, yakikataa unatia mawe ya betri kwenye redio kaseti. Na betri zikianza kufa mota inachoka, tepu inapungua mwendo na sauti inateremka. Ozzy anakuwa na sauti nzito ya mwadhini mzee, gita linakwenda chini zaidi ya alipolilegeza mwenyewe Iommi, Children of the Grave inakuwa inajikokota kama mzigo wa karafuu unapandishwa mlima. Mie na wenzangu tukaona ndo wimbo ulivyo. Nilipokuja kuusikia kwenye spidi yake ya haki niliona hawa jamaa wana haraka gani, na mpaka leo nikiwa peke yangu dukani napunguza spidi kidogo.

Kuhusu sauti ya hizo kaseti na sahani za zamani nina neno jengine. Matoleo mengi ya siku hizi wanayapandisha sauti kila mahali, pale palipokuwa pa kimya wanapainua palingane na palipokuwa pa kishindo, ili ikipigwa simuni isikike. Sasa War Pigs inaanza na king'ora cha vita na kuna sehemu dramu zinabaki na toazi dogo tu linahesabu tsi tsi tsi huku Ozzy anaimba peke yake, kisha wote wanaanguka kwa pamoja. Ukilinganisha kimya na kishindo umeua wimbo. Vijana wakipata nakala ya zamani wasiitupe.

Vol. 4 ya 1972 walikwenda kuirikodi Los Angeles na kwa habari zao wenyewe hela ya unga mweupe, yaani kokeini, ilikuwa nyingi kuliko akili, ina Supernaut ambayo ni moto na ina Changes ya kinanda ambayo vijana wa mapenzi wataipenda. Baada ya hapo kuna Sabbath Bloody Sabbath ya 1973, nzuri, wamejifunza mambo mengi ya studio, ila uzito umeanza kupungua kwa rangi rangi nyingi. Zinazofuata sizisemi.

Na popo, najua mtu ataniuliza popo. Ozzy alishafukuzwa bendi tangu 1979, popo kamng'ata kichwa jukwaani 1982 kule Marekani, alirushiwa na mtazamaji na yeye akadhani ni wa mpira. Wapemba tusiwe wa kwanza kushangaa, hawa popo wetu wakubwa tunaowalinda leo Kidike na watalii wanakuja kuwaona, wazee wetu waliwawinda na wakawala wazima wazima si kichwa tu.

Jengine linaloniuma ni hili. Gazeti lenu kila mara mnaandika kwa fakhari kuhusu Freddie Mercury, kazaliwa Unguja 1946, wageni wanapanga foleni Shangani kupiga picha kwenye makumbusho yake, na sawa, wetu yule. Lakini mmewahi kuzisikiliza albamu za mwanzo za Queen, bendi yake? Queen II ya 1974 ina Ogre Battle, Sheer Heart Attack ya mwaka huo huo ina Stone Cold Crazy, nyimbo nzito zenye mbio mpaka Metallica, bendi ya metal ya Marekani, baadae wakaurudia huo wa pili na wakapewa tuzo ya Grammy. Brian May, mpiga gita wa Queen, na Iommi ni marafiki wa miaka. Haiwezekani mtoto wa Unguja awe fakhari na mwenzake wa mlango wa pili awe shetani.

Julai 5, 2025, wote wanne wa Black Sabbath walipanda jukwaani Villa Park, uwanja wa mpira mtaani kwao Birmingham, kuaga, Ozzy amekaa kwenye kiti hawezi kusimama, na tarehe 22 mwezi ule ule akafariki. Nyimbo walizopiga pamoja ni nne, War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid. Zote nne za 1970. Miaka hamsini na zaidi ya kazi, na walipoambiwa chagueni za kuagia hawakwenda mbali.

Kwa hio ombi langu ndugu Mhariri ni dogo. Mwandishi wenu aazime amplifaya na spika za boksi la mbao, ziwe za inchi nane kwenda juu, za mjini zipo wazee wanazo zimefunikwa vitambaa sebuleni. Trebo aiteremshe, besi aiache katikati asiizidishe, hio sauti ni nzito yenyewe haitaki kusaidiwa. Aanze na Planet Caravan ili masikio yatulie, kisha Into the Void mpaka mwisho bila ya kushika simu. Akimaliza na bado akaona kelele aandike tena na mie nitasoma. Na kama hana pa kupata spika aje Chake Chake siku yoyote isiyokuwa Ijumaa mchana, duka langu liko karibu na soko aulize fundi wa maredio.

Wenu,
Fundi wa maredio na spika,
Chake Chake, Pemba.