Walimu wanagenzi wafunzwe kutumia vishikwambi darasani

Mhariri,

Vishikwambi vya serikali vilianza kufika shule za msingi mwaka 2016, na mtaala wa umilisi unahitaji ujuzi wa kidijitali. Lakini walimu wanagenzi wanaokuja kwetu Likoni kwa mazoezi hawajaandaliwa. Simu wanaijua vizuri sana, hilo sibishi. Juzi mmoja alikuta nusu ya vishikwambi havina chaji, watoto wanang'ang'ania vilivyobaki. Akavirudisha kabatini, akashika chaki. Simlaumu hata kidogo. Nani alimfunza kupanga watoto watatu kwa kishikwambi kimoja, au kuendeleza somo stima ikipotea? Vyuo viwafanyishe hayo mbele ya watoto halisi, na wakaguzi wakija kuwapima, waombe somo moja la aina hiyo.

Mwalimu,
Likoni, Mombasa