Wenye viwanda vya mvinyo, tuwekeeni vyombo vya kutemea

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na wenye viwanda vya mvinyo wanaowafungulia wageni milango siku za mapumziko. Ninachoomba ni kidogo: kila meza ya kuonjea iwe na chombo cha kutemea, na mgeni anayekitumia asionekane amefanya kituko.

Hivi karibuni nilikwenda na marafiki zangu kwenye kiwanda kimoja ambacho siku hizi kila mtu anataka kusema amefika. Jina nitalihifadhi. Ni mahali pazuri kwelikweli: mizabibu imenyooka mistari, viti vya mbao vimepangwa kivulini, na mapipa ya mwaloni yamelazwa nyuma ya ukuta wa kioo na kumulikwa taa ili yapigwe picha. Tukapiga. Tukaletewa glasi, tukaanza na mvinyo mweupe. Nikaunusa, nikauzungusha mdomoni, kisha nikatafuta pa kuutema. Mezani hapakuwa na kitu isipokuwa chombo cha maua.

Nilipomuuliza mhudumu, kijana mwenye adabu zake, alishtuka. "Samahani mama, haujakupendeza? Nikubadilishie?" Nikamwambia umenipendeza sana, ndiyo maana nataka kuuonja na unaofuata nikiwa na akili zangu. Akaenda jikoni, akarudi na jagi la plastiki, akaliweka mbele yangu huku akizuia kicheko. Meza ya jirani wakageuka. Rafiki yangu mmoja akaninong'oneza, "Shoga, unatuaibisha." Mwingine, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika usukani siku hiyo, hakusema neno. Alilivuta lile jagi likawa katikati yake na yangu.

Aibu hiyo naielewa. Karibu kila mmoja wetu alikanywa utotoni asiteme mbele za watu, na haiwezekani mgeni ajitoe mwenyewe katika malezi yake akiwa ndio kwanza amekaa. Hiyo ni kazi ya mwenyeji. Watu wanaoonja mvinyo kwa kazi hutema siku nzima. Majaji wa mashindano hupitia aina makumi kwa siku moja. Wangekuwa wanameza, mvinyo wa mwisho ungehukumiwa na walevi. Mtengenezaji naye akipita kwenye mapipa kuangalia mvinyo umefikia wapi, anatema. Sasa iweje anachokifanya mwenye mvinyo huko nyuma kiwe fedheha kwa mgeni huku mbele?

Mimi nafundisha kemia, kwa hiyo nivumiliwe kidogo na hesabu. Tuseme glasi ya kuonjea inatiwa mililita 50 na aina ni 6. Hizo ni mililita 300, sehemu mbili kati ya tano za chupa ya kawaida ya mililita 750. Mvinyo wenye asilimia 13 za kileo una, katika kiasi hicho, mililita 39 za kileo chenyewe, ambazo uzito wake ni kama gramu 31. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Gawanya: ni saa 3 na dakika kadhaa kwa mwenye bahati, zaidi ya 4 kwa mwingine. Na hapo mhudumu awe amepima sawasawa. Wa kwetu alikuwa mkarimu, kila akiona glasi imepungua anaongeza. Mtu anaondoka amekunywa, halafu anawasha gari kwa sababu moyoni mwake hakunywa, alionja tu.

Niseme na hili mapema, nisije nikamponza mtu: kutema hakumsafishi dereva. Kiasi kidogo hupita kooni bila kukusudia, na kingine hufyonzwa mlemle mdomoni. Rafiki yetu alitema kila aina, akanywa maji mengi, na bado tulikaa mpaka jioni kabla hajagusa ufunguo. Anayejua ataondoka mapema, bora anuse tu na aishie hapo. Mwaka 2023 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Simkatazi mtu kunywa, nami nakunywa. Nataka mgeni aachiwe achague mwenyewe ni kipi kishuke tumboni na kipi kisishuke.

Wapo watakaosema usipomeza hujaonja. Hapo ndipo hasa ninapobishana nao. Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ile ladha nono iitwayo umami. Mengine yote, yale tunayosema ni limau, pilipili manga au moshi wa pipa, ni kazi ya pua. Mvinyo ukiwa mdomoni harufu yake hupanda puani kwa nyuma ya koo, na hata ukishautema, ukitoa pumzi puani bado unaisikia. Ukakasi wa mvinyo mwekundu nao hausubiri kumezwa. Tanini zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, ulimi unakauka. Kwa sababu hiyo mweupe kwa kawaida hutangulia mwekundu, na usio na sukari hutangulia mtamu. Siku ile mambo yalianza vizuri, kisha tukaletewa mtamu katikati. Mwekundu uliofuata ukaonekana mchachu na mkali kupita ulivyo. Mwenzetu ambaye alikuwa amemeza kila kitu akauhukumu palepale: "Huu umeharibika." Tulisuuza midomo kwa maji, tukatafuna mkate, mimi na dereva tukaurudia. Ulikuwa mzima kabisa, tena ndio uliokuwa bora wa siku hiyo. Mwenzetu hakutaka tena hata kuunusa.

Kama kuna anayedhani mdomo wake haudanganyiki, akumbuke jaribio lililochapishwa mwaka 2001 na watafiti wa Bordeaux. Waliwapa wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno yaleyale wanayoelezea mvinyo mwekundu. Hao ni watu wanaosomea fani, tena rangi tu ndiyo iliyowapoteza. Sisi tuliokuja kupumzika, baada ya glasi ya nne, tuna nini cha kujitetea?

Muziki sitaurefusha. Spika ilikuwa nyuma ya kichwa changu. Mtengenezaji mwenyewe alipita meza hadi meza akieleza kazi yake kwa kupiga kelele, mishipa ya shingo imemsimama, na tuliambulia nusu. Nilisikia akisema kwamba wanatumia zabibu nyekundu kupata mvinyo mweupe, jambo linalowezekana kwa sababu rangi ya zabibu nyingi nyekundu iko kwenye ganda, si kwenye maji yake. Ukikamua upesi na kuondoa maganda, unapata maji meupe. Wenzangu walimuuliza anaacha maganda kwa muda gani anapotengeneza ule mwekundu. Akajibu. Hakuna aliyesikia.

Najua wenye viwanda wana hofu yao: mvinyo unaotemwa unaonekana kama mvinyo uliokataliwa, na mgeni aliyechangamka hununua kirahisi kuliko aliye makini. Sijui viwanda vingine, ila mezani kwetu aliyenunua chupa nyingi ni yule dereva. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa mpaka aina ya mwisho, kwa mwandiko unaosomeka, akaenda kaunta akiwa na orodha. Aliyeona mwekundu umeharibika aliondoka mikono mitupu.

Ninachopendekeza hakina gharama. Kila mgeni apewe kikombe chake, si ndoo moja ya kuzungushwa kwa watu wanane. Kiwe na mfuniko, na mhudumu akimwage kila baada ya aina mbili tatu bila kusubiri kuombwa. Kabla ya glasi ya kwanza aseme kwa sauti, meza nzima isikie, kwamba kikombe ni cha kutemea, na yeye mwenyewe ateme wa kwanza ili wengine wapate ujasiri. Kisha kikombe hicho kisiwe cha kioo, tafadhali. Tuko tayari kutema, si kutazama.

Mwalimu wa Kemia