Hata Wazungu walioa mabinti wa wajomba

Mhariri,

Vijana wa barazani kwetu Ngamiani wamezuka na neno: kuoa binti wa mjomba ni ushamba wa watu wa pwani, Wazungu hawana hayo. Wananisema mimi, maana mke wangu ni binti wa mjomba wangu wa Pangani.

Nani kawaambia? Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa mwaka 1840 na Albert, mtoto wa mjomba wake. Mwaka mmoja kabla, Charles Darwin, mwanasayansi wa huko huko Uingereza, naye alimuoa Emma, binti wa mjomba wake. Wakapata watoto 10, watatu wakafa wadogo. Mwenyewe aliingiwa na wasiwasi, akaomba sensa ya 1871 iulize habari za ndoa hizo. Bunge likakataa.

Wafalme wa Hispania ndio walivuka mpaka. Philip wa Nne alimuoa mtoto wa dada yake, tena kwa ruhusa ya Papa! Kwetu hiyo ni haramu, hakuna shehe wa kuifungisha. Mwanawe, Charles wa Pili, taya lilimchomoza hata kutafuna ikawa taabu. Akafa mwaka 1700 bila mtoto, na vita vya kurithi kiti vikafuata.

Wanaotaka kunibishia waje na hoja ya damu, nitawasikiliza. Wakija na ya Wazungu, kahawa walipe wao.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga